Tulivyokula na Tulivyotembea Nairobi Wakati wa Kafyu

Kafyu ya korona ilianza nchini Kenya tarehe 27 Machi 2020. Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, hakuna kutoka. Wengi wanaikumbuka kwa foleni za magari na watu waliokuwa wakikimbilia nyumbani kabla ya polisi kufunga barabara. Sisi tunaofanya kazi ya lishe tunaikumbuka kwa jambo jingine pia: saa moja jioni ndiyo saa ambayo Nairobi hununua chakula chake cha usiku.

Siku ya kawaida, ukishuka stejini Pipeline, Kayole, Kangemi au Kawangware giza likiingia, unapita katikati ya jikoni la mtaa mzima. Mama mboga ameshika fungu la sukuma wiki mkono mmoja na kisu mkono wa pili, anakata nyembamba huku akikuuliza kama akuchanganyie na managu au kabeji, kisha anakufungia ya shilingi 20. Kando yake kuna sufuria kubwa la maharagwe au githeri (mahindi na maharagwe) iliyokwisha kuchemka, inauzwa kwa kikombe. Hatua chache mbele kuna omena, parachichi, ndizi mbivu. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, na hununua akitoka kazini. Kafyu ilikata saa hizo za mauzo zote kwa mpigo mmoja.

Maharagwe yale ya kikombe yana maana kuliko yanavyoonekana. Kuchemsha maharagwe makavu nyumbani huchukua saa mbili au zaidi, na gesi au makaa ya saa mbili ni pesa. Mama wa mtaani akichemsha sufuria moja kwa ajili ya nyumba arobaini, gharama ya moto inagawanyika, na kila nyumba inapata protini na nyuzinyuzi kwa bei inayowezekana. Akilazimika kufunga kibanda saa kumi na moja jioni ili awahi kufika kwake, nyumba hizo arobaini haziendi kununua maharagwe makavu. Zinakula ugali na chai, au chapati tupu, au mandazi ya mchana yaliyobaki.

Ninachotaka kieleweke ni hiki: afya ya Mnairobi wa kawaida imebebwa na safari yake ya kila siku. Ndani ya safari hiyo ndimo anamofanyia mazoezi, na ndimo anamonunulia mboga. Safari ikikatwa, vyote viwili vinaondoka pamoja. Kumwambia mtu aliyeongeza uzito wakati wa kafyu kwamba alinenepa kwa uvivu au kwa ulafi ni kumwonea.

Tuanze na miguu. Utafiti mkubwa wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ni Wakenya wazima wapatao asilimia 6.5 tu ambao hawakuwa wakifikisha kiwango cha kutosha cha kushughulisha mwili. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wakifikisha. Hao hawakuwa watu wa kwenda jimu. Walikuwa watu wanaotoka Kibera au Mukuru alfajiri na kwenda Industrial Area kwa miguu, wanaobeba mitungi ya maji hadi ghorofa ya nne, wanaofua kwa mikono, wanaosukuma mikokoteni Marikiti. Utafiti huohuo uligundua kwamba watu 94 katika kila 100 hawakuwa wakila matunda na mboga za kutosha. Kwa hiyo hata kabla ya korona, sahani zetu zilikuwa na upungufu, na miguu ndiyo iliyokuwa ikituokoa.

Kisha miguu ikasimamishwa. Tarehe 6 Aprili 2020 eneo la jiji la Nairobi lilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka isipokuwa mizigo na huduma muhimu. Eastleigh ilifungiwa peke yake kwa takriban mwezi mmoja kuanzia Mei. Jiji lilifunguliwa Julai, likafungwa tena pamoja na kaunti nyingine nne mwishoni mwa Machi 2021 hadi mwanzoni mwa Mei. Kafyu yenyewe, saa zake zikibadilishwa mara kwa mara, haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Hicho ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu, muda wa kutosha kwa mwili kujifunza mazoea mapya.

Kwingineko duniani watafiti walihesabu hatua kwa kutumia programu ya simu. Takwimu za watu zaidi ya 455,000 katika nchi 187 zilionyesha kwamba ndani ya siku 30 baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza janga, wastani wa hatua kwa siku ulishuka kwa asilimia 27, yaani hatua zaidi ya 1,400 kwa kila mtu. Italia, iliyofungwa mapema na kwa ukali, ilishuka kwa karibu nusu. Hatua 1,400 ni kama kilomita moja hivi. Mtu atauliza, kilomita moja ina nini? Miaka kadhaa kabla ya korona, watafiti wa Denmark waliwachukua vijana kumi wenye afya njema, waliozoea kutembea zaidi ya hatua 10,000 kwa siku, wakawaomba wasizidishe takriban 1,500. Baada ya wiki mbili tu, uwezo wa miili yao kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ulikuwa umeshuka kwa asilimia 17, pumzi zao zilikuwa zimepungua, na misuli ya miguu ilikuwa imekonda. Kumbuka hao ni vijana wasio na ugonjwa wowote. Mwenye kisukari, au aliye njiani kukipata bila kujua, huumia mapema zaidi, kwa sababu msuli unaotembea huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapofanya kazi kwa shida.

Sasa chakula. Utafiti mmoja wa mtandaoni uliofanyika Aprili 2020, uliohoji watu zaidi ya 1,000, wengi wao kutoka Afrika na Asia, ulionyesha kwamba muda wa kukaa kitako ulipanda kutoka saa tano hadi saa nane kwa siku. Waliohojiwa walisema pia kwamba walikula vyakula visivyofaa zaidi, walitafuna ovyo kati ya mlo na mlo, na wakati mwingine walishindwa kujizuia. Sababu zinaeleweka. Hofu na mawazo huongeza homoni ya kortisoli, na kortisoli ikikaa juu kwa muda mrefu mtu hutamani sukari na mafuta. Kukosa usingizi huongeza homoni inayoleta njaa. Tena jikoni liko hatua tatu kutoka kitandani. Katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, jikoni na kitanda ni mahali pamoja.

Kwetu sisi kitafunwa kikubwa cha miezi ile kilikuwa chai. Hili halisemwi vya kutosha. Mtu aliyekuwa akinywa kikombe kimoja asubuhi na kingine saa nne kazini, sasa alikuwa nyumbani na chupa ya chai imejaa mezani. Vikombe vitano kwa siku, vijiko viwili vya sukari kila kimoja, ni vijiko kumi, karibu gramu 40. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo, takriban gramu 25. Chai peke yake imeshapita kiwango hicho bora kabla hujagusa soda, na soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30. Ndiyo maana, mtu akiniuliza aanze wapi, huwa simwambii aache ugali. Namwomba apunguze kijiko kimoja kwenye kila kikombe kwa wiki mbili, kisha kingine. Ulimi huzoea haraka kuliko watu wanavyodhani.

Wakati huohuo, katika mitaa ya mabanda tatizo lilikuwa njaa. Shirika la Population Council liliwahoji kwa simu wakazi wa Kibera, Mathare, Huruma, Kariobangi na Dandora, na kuruka mlo au kupunguza kiasi kulikuwa jambo la kawaida kwa sababu kipato kilikuwa kimekatika. Haya mawili, uzito kupanda na njaa, hayapingani. Pesa ikipungua, kinachoondoka kwanza ni mboga, matunda, mayai na maziwa. Kinachobaki ni unga, mafuta ya kupima na sukari, kwa sababu ndivyo vinavyojaza tumbo kwa shilingi chache. Mama anaweza kuongeza kilo huku mtoto wake anakosa damu, chini ya bati moja.

Watoto waliathirika kwa njia yao. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa madarasa yote hadi tarehe 4 Januari 2021. Kwa mtoto aliyekuwa akitegemea githeri ya shuleni, hiyo ni miezi tisa bila mlo wa uhakika wa mchana. Na kwa watoto wengi, ni miezi tisa bila uwanja. Mtoto wa umri wa kwenda shule anahitaji wastani wa dakika 60 za kukimbia na kucheza kila siku. Kuna ploti ambazo wapangaji walikubaliana watoto wapande kwenye paa panapoanikwa nguo, kwa zamu, na mtu mzima mmoja akiwaangalia, waruke kamba na kucheza mchezo wa kati. Ni mpango mzuri mno, na haukumgharimu mtu chochote. Wazazi wanaoishi kwenye maghorofa ya Umoja, Roysambu au Githurai wanaweza kuendelea nao hata leo, mradi ukuta wa paa uwe mrefu na imara.

Kwa mtu mzima, mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani Novemba 2020 ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kukufanya upumue kwa kasi huku bado unaweza kuzungumza. Si lazima ziwe za mfululizo. Kupanda ngazi hadi ghorofa ya tano mara nne kwa siku kunahesabika, na kufua blanketi kwa mikono pia. Ongeza siku mbili za kuimarisha misuli: kuinuka na kuketi kwenye stuli mara kumi na tano, kupumzika, kurudia. Mzee mwenye magoti mabovu ashike kona ya meza.

Ikitokea tena tukafungiwa, mwenye presha au kisukari asiache dawa wala kliniki kwa sababu ya hofu ya kutoka nje. Akizuiwa njiani, aonyeshe kitabu chake cha kliniki.

Yote hayo ni ya mtu binafsi, na mtu binafsi ana mipaka yake. Kama siku moja tutalazimika kufungiwa tena, wanaopanga masharti wafikirie saa ya mama mboga. Kumwacha auze hadi saa tatu usiku, vibanda vikipangwa kwa umbali na maji ya kunawa yakiwepo, ni hatua ya kiafya sawa na kugawa barakoa. Itengwe pia saa ya kutembea, alfajiri au jioni, iandikwe wazi kwenye amri ili askari na raia wote waijue. Na bustani za magunia, zile ambazo wakazi wa Kibera na Mathare wamepanda sukuma na kitunguu kwa miaka mingi, zipewe maji safi. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini tangu mwaka 2015. Mkazi anayetaka kupanda magunia matatu kando ya mlango wake anaweza kwenda kwa afisa wa kilimo wa eneo lake, aulize kuhusu miche na maji, na achukue udongo mbali na mitaro ya maji taka na mbali na gereji za magari, kwa sababu mboga za majani hufyonza madini ya risasi na metali nyingine zilizomo ardhini.