Namba sita hazisomewi mtu

Wengi wanaoniletea simu hapa dukani Langoni wakisema "imedukuliwa" huniuliza jambo moja: nina programu gani ya kuua virusi? Virusi vipo, sikatai, hasa kwa vijana wanaopakua zile WhatsApp za rangi rangi kwenye viungo vya kutumiana badala ya Play Store. Lakini mtu wa Lamu akiliwa pesa mtandaoni, mara nyingi simu yake haikuguswa na kirusi chochote. Alipigiwa, akasalimiwa vizuri, akaulizwa hali ya nyumbani, kisha akaombwa asome namba. Na sisi watu wa pwani, kumkatia simu mtu aliyeanza na "Assalaam aleikum" twaona ni kukosa adabu. Tapeli analijua hilo kabla hajabonyeza kitufe cha kupiga.

Nieleze ule utapeli ninaouona zaidi, wa kuporwa WhatsApp. Tapeli anaweka WhatsApp kwenye simu yake, anaandika namba yako kana kwamba ni yake. WhatsApp haijui nani ameshika simu, kwa hiyo inatuma namba sita za kuthibitisha kwa SMS kwenye laini yako. Hapo kilichobaki ni wewe kumsomea. Atapiga: "Mama, mimi ni wa kamati ya harusi. Tumefungua kundi jipya, utaona ujumbe wa namba sita, nisomee nikuingize." Msimu wa harusi kila mmoja yuko kwenye makundi matatu manne, nani atashuku? Ukishasoma, WhatsApp yako inafunga na yake inafunguka kwa jina lako na, mara nyingi, kwa picha yako ile ile.

Mazungumzo yako ya zamani hayaoni, kwa sababu hayakai kwenye mitambo ya WhatsApp. Yako kwenye simu yako au kwenye hifadhi yako. Ila makundi yote uliyomo anayaona, pamoja na namba za wanachama wake. Basi anaanza kazi: "Nimekwama hospitali, nitumie elfu tano, jioni narudisha." Anayetumiwa ni dada yako, mwenzako wa chama, jirani wa Mkomani. Wanatuma haraka kwa sababu wewe hukopi ovyo. Heshima yako uliyojenga miaka ndiyo anayoitumia.

Ikikufika, usikae kulia. Fungua WhatsApp yako, jisajili upya kwa namba yako, subiri SMS, andika zile namba sita mwenyewe. Ukishaziandika tu, yule anatolewa. Huenda akawa ameweka pini ya hatua ya pili, nawe ukaambiwa usubiri siku 7. Subiri, lakini jua kwamba hata yeye yuko nje tayari. Huku ukisubiri, watu wako wapigie simu ya kawaida uwaambie wasitume kitu.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Ingia Mipangilio, Akaunti, uweke uthibitishaji wa hatua mbili, yaani pini yako mwenyewe ya namba sita. Mwizi akizipata za SMS, bado atakwama kwenye hiyo. Ukiwa bado ndani ya WhatsApp angalia na vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta ambayo huijui, iondoe. Mwanao aliyeshika simu yako dakika mbili anaweza kuiunganisha na kompyuta bila wewe kujua, na si lazima awe na nia mbaya.

Kuna ujanja mwingine ambao hata wenye elimu unawapata. Unaambiwa: "Laini yako ina hitilafu, bonyeza **21* kisha namba hii, malizia na #." Hiyo ni amri ya kuelekeza simu zako zote kwenye namba ya mwingine. WhatsApp inaweza kutoa zile namba sita kwa kupiga simu badala ya SMS, na sasa simu hiyo inaita kwa tapeli. Ukishaibonyeza, piga ##002# kufuta uelekezaji wote. Kuangalia tu kama simu zako zinaelekezwa, ni *#21#.

Kwa M-Pesa sitakaa sana, maana Wakenya tumeishi nayo tangu 2007 na hadithi zake tunazijua. Ukipata ujumbe wa pesa na dakika hiyo hiyo mtu anapiga akilia kwamba amekosea namba, angalia salio kwa *334# kabla ya kuamini ujumbe. Hata salio likiwa limeongezeka kweli, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie yeye ausambaze ujumbe wake kwenda 456, Safaricom ishughulikie. Ukituma mwenyewe, halafu na yeye akaomba muamala ubatilishwe, umelipa mara mbili. Na kujua laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#. Wako watu hapa mjini waliokuta namba wasizozijua.

Nimalizie na wageni, kwa sababu wakati wa Maulidi jambo hili linanikera. Mtu anachukua picha za nyumba ya Shela mtandaoni, anaiweka Facebook kwa bei nzuri, anadai nusu ya malipo. Mgeni anashuka Mokowe, anavuka kwa boti, anafika gatini akiuliza nyumba ambayo mwenyewe hajui kwamba imekodishwa. Kabla ya kutuma, muombe mwenye nyumba akupigie video akiwa ndani, afungue dirisha akuonyeshe nje. Jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla hujathibitisha lilinganishe na alilokupa. Likitofautiana, muulize, majibu ya "hiyo ni namba ya shemeji" nimeyasikia mno.

Kama umeshaliwa, nenda polisi uandikishe, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Sheria ya makosa ya mtandao tunayo tangu 2018. Usifute ujumbe wowote, wala usiniletee simu niisafishe kwanza.