Helikopta haibebi lumbesa: salio la nguvu katika Nyanda za Juu Kusini

Kijana wa jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, amechaguliwa kuanza mafunzo ya urubani wa helikopta jeshini. Jumapili iliyopita alikuja nyumbani na daftari jipya, akaniamkia, akakaa, kisha akauliza: "Mzee, nikishike kitu gani kwanza kabla sijaripoti?" Nadhani alitarajia nimweleze habari za wenzo na pedali, kwa kuwa ndizo zinazoonekana kwa macho na ndizo wanazoigiza watoto wakicheza urubani. Nilimwambia aanze kwa kujifunza kupima hewa. Mikono na miguu atafundishwa na mwalimu wake, na baada ya saa kadhaa za kuruka itaanza kutii yenyewe, lakini rubani asiyejua hewa aliyomo ina uwezo wa kubeba nini atakuwa anabahatisha kila anaponyanyuka, na katika milima yetu bahati huisha mapema.

Kila panga la rota, ile feni kubwa iliyo juu ya helikopta, ni bawa jembamba linalozunguka. Linanyanyua chombo kwa kuisukuma hewa chini, na kiasi cha mnyanyuo hutegemea hewa hiyo ina uzito gani. Hewa hupungua uzito kwa sababu tatu. Ya kwanza ni mwinuko, kwa maana mgandamizo hupungua kadiri unavyopanda. Ya pili ni joto, kwa maana hewa yenye joto hutanuka. Ya tatu ni unyevu, na hapa wanafunzi wengi hubisha, kwa sababu tumezoea kusema kwamba siku ya unyevunyevu hewa ni nzito. Ukweli ni kinyume chake: mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, hivyo hewa yenye unyevu ni nyepesi zaidi, ingawa athari yake ni ndogo ukilinganisha na zile mbili za mwanzo.

Marubani huunganisha mambo hayo katika tarakimu moja iitwayo mwinuko wa densiti, yaani mwinuko ambao chombo "kinadhani" kipo. Hesabu yake ya haraka si ngumu. Katika anga sanifu, yaani hali ya hewa ya mfano inayotumika kama kipimo, joto la usawa wa bahari ni nyuzi 15 za Selsiasi, na hupungua takriban nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Kila nyuzi moja inayozidi kiwango hicho inaongeza kama futi 120. Tuchukue jiji la Mbeya, lililo takriban mita 1,700, yaani kama futi 5,600. Joto sanifu la mwinuko huo ni karibu nyuzi 4. Mchana wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto linaweza kufika nyuzi 26, yaani ziada ya nyuzi 22. Zidisha kwa 120 upate futi 2,640, ujumlishe na zile 5,600, na utaona kwamba helikopta yako iliyoegeshwa Mbeya inajiona iko juu ya futi 8,200, mahali ambapo hewa ina uzito wa kama asilimia 78 tu ya ile ya pwani katika siku sanifu.

Hasara hiyo hailipwi na mapanga peke yake. Injini nayo inavuta hewa nyepesi, hivyo nguvu yake inapungua wakati uleule mapanga yanapohitaji pembe kubwa zaidi ili kubeba mzigo uleule. Rota ya mkia, ambayo kazi yake ni kuzuia kiwiliwili kisizunguke kinyume na rota kuu, nayo inatafuna hewa hiyohiyo, na inatakiwa kufanya kazi kubwa zaidi kwa sababu injini inasukuma kwa nguvu zaidi. Nguvu inayopatikana ukitoa nguvu inayohitajika ndiyo ninayoiita salio, na neno hilo vijana hulielewa mara moja kwa sababu ya simu zao. Tofauti ni kwamba huku juu hakuna mahali pa kukopa.

Jambo hili lina umri sawa na helikopta za kijeshi zenyewe. Mnamo Aprili 1944, huko Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar, na ambako mwaka huohuo askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni) kutoka Tanganyika walipigana, Luteni Carter Harman wa Jeshi la Marekani alitumwa na helikopta aina ya Sikorsky YR-4B kuwaokoa watu wanne waliokwama nyuma ya mistari ya adui: rubani mmoja wa ndege na askari watatu Waingereza. Kwa joto lile, unyevu ule na injini ndogo aliyokuwa nayo, Harman aliweza kumchukua mtu mmoja tu kwa kila safari, na injini ilizidiwa na joto kabla kazi haijaisha. Aliwatoa wote wanne. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba uokoaji wa kwanza kwa helikopta vitani uliendeshwa na hesabu ya salio, na mtu aliyeufanya alikubali kurudi mara nne badala ya kujaribu kuwabeba wawili.

Sasa nieleze kuhusu mto wa hewa, mto kama ule wa kulalia, kwa kuwa ndio unaowadanganya wengi. Helikopta inapoelea karibu na ardhi, kwa kimo kisichozidi upana wa rota yake, hewa inayosukumwa chini inagonga ardhi na kushindwa kuondoka kwa uhuru, hivyo chombo hukaa kama juu ya mto na kuhitaji nguvu pungufu. Kikipanda juu ya kimo hicho, msaada huo unakwisha na mahitaji ya nguvu yanaruka. Ardhi iliyo tambarare na ngumu inatoa msaada mkubwa, ila majani marefu, maji na mteremko huupunguza sana.

Niliwahi kujifunza hili kwa aibu. Tulitua kwenye malisho ya uwanda wa juu, upande wa Kitulo, asubuhi yenye baridi kali, na hesabu yangu ya asubuhi ilikuwa sahihi. Kazi ikachelewa hadi saa nane mchana, jua likawa limewaka, na wenyeji wetu kwa ukarimu wao walikuwa wamepakia viazi nyuma ya viti bila mimi kuangalia. Si viroba, bali gunia moja la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba hadi likawa na shingo. Nilinyanyuka futi tatu, chombo kikakaa vizuri juu ya mto wake, nami nikaridhika. Nilipokielekeza mbele juu ya majani marefu, mahali ambapo ardhi inaanza kuinama, geji ya nguvu iligusa mstari mwekundu, mvumo wa mapanga ukashuka kwa sauti inayosikika tumboni kuliko masikioni, na pedali ya kushoto ilikuwa imebakiza nafasi isiyozidi unene wa kidole. Nilikirudisha chini taratibu, majani yakiwa yanasugua tumbo la chombo. Gunia lilishuka, abiria wawili wakashuka, nasi tukaondoka kwa safari mbili. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo: niliitumia mchana hesabu ya asubuhi, na sikufungua mlango wa nyuma kuona kilichopakiwa.

Kwa jeshi, lumbesa huvaa sare. Askari mwenye kilo 75 hapandi akiwa na kilo 75, kwa kuwa ana silaha, risasi, maji, mkoba, na pengine redio, na kumi wa aina hiyo ni mzigo ambao haupimwi kwa macho. Mwanafunzi ajizoeze kuuliza uzito halisi bila kumwonea haya mwenye cheo. Vilevile ajue kwamba mafuta ni mzigo unaoweza kuupanga, hivyo mara nyingi jibu la salio dogo ni kuondoka na mafuta pungufu, mradi yatoshe kufika na kubaki na akiba.

Hatari nyingine inayotokana na salio ni ile ninayoiita pete ya kisulisuli. Hutokea helikopta inaposhuka karibu wima, ikiwa na mwendo mdogo wa mbele, kwa kasi inayozidi kama futi 300 kwa dakika, huku injini ikisukuma. Hewa iliyotupwa chini inapanda pembeni na kuvutwa tena juu ya mapanga, na chombo kinazama ndani ya kisulisuli chake chenyewe. Silika humwambia rubani avute wenzo wa kuongeza nguvu, na akivuta anazidi kuzama. Dawa yake ni kusukuma chombo mbele kitoke kwenye hewa hiyo iliyochafuka na, kama kimo kinaruhusu, kupunguza nguvu. Katika milima yetu mtego huu hutegwa na upepo: ukikaribia kiwanja upepo ukiwa mgongoni, jicho linaona ardhi ikipita kwa mwendo wa kawaida, kumbe mapanga hayana mwendo wowote katika hewa.

Kuhusu injini kuzimika nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mwalimu atamrudisha huko mara nyingi mpaka achoke. Wenzo wa nguvu unashushwa papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili, ili hewa inayopanda kutoka chini iyazungushe mapanga, na mzunguko huo ndio akiba itakayotumika mara moja tu kulainisha mguso wa ardhi. Kwenye hewa nyepesi chombo hushuka kwa kasi zaidi na akiba hiyo inanyanyua kidogo.

Kabla kijana hajaondoka nilimpa hesabu moja aifanyie nyumbani. Achukue Matema, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, kama mita 480, joto likiwa nyuzi 32, kisha achukue Kitulo, kama mita 2,600, joto likiwa nyuzi 18. Alirudi jioni na jibu: karibu futi 4,000 kwa Matema, na karibu futi 10,900 kwa Kitulo. Aliniuliza kama amekosea, kwa kuwa Kitulo ni baridi na Matema ni joto, naye alitegemea baridi ingeokoa zaidi ya hapo. Hakukosea. Ni safari isiyofika nusu saa kwa helikopta, na katika nusu saa hiyo chombo ambacho Matema kilielea kikiwa na watu wote na bado kina salio kinaweza kufika juu kisiweze kusimama hewani hata kidogo, ingawa hakuna aliyeongezeka ndani yake. Akafungua ukurasa mwingine wa daftari na kuanza kuhesabu ni watu wangapi angewaacha ufukoni.