"Kocha, huu wa paundi 18 si wa watoto?"

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alifika kiwanjani kwetu, hapa Nairobi, na boksi refu ambalo bado lilikuwa na utepe wa msafirishaji. Ndani mlikuwa na upinde mpya kabisa wa paundi 45, yaani unaohitaji nguvu ya paundi 45 kuuvuta. Alikuwa ameuagiza mtandaoni kutoka nje kabla hajawahi kushika mshale hata mmoja. Nikamwomba aurudishe kwenye boksi, nikamkabidhi upinde wa klabu wa paundi 18. Akautazama, akanitazama mimi, kisha akauliza swali ambalo sasa nalisikia karibu kila wiki: "Kocha, huu si wa watoto?"

Nimeulizwa hivyo na vijana wanaobeba vyuma, na mhasibu wa makamo, na mama aliyemleta binti yake akaishia kujiandikisha yeye. Naandika ili atakayekuja Jumamosi ijayo aje mikono mitupu.

"Upinde mwepesi ni wa watoto, mtu mzima anaanza na paundi 40"

Kati ya dhana zote ninazoletewa na wageni, hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inatuondolea wanachama wazuri ndani ya miezi mitatu. Wanakuja na hamu, wanaumia bega, wanaona aibu kurudi.

Najua namba hiyo inatoka wapi. Watu hutazama video za kompaundi, upinde wenye magurudumu kwenye ncha zake, wanasikia "paundi 60", wanadhani ni kitu kimoja na rikavu, upinde usio na magurudumu. Mwenye kompaundi ya paundi 60 hupambana na uzito huo kwa muda mfupi tu katikati ya mvuto. Magurudumu yakishageuka, sehemu kubwa ya uzito huondoka. Ukiondoka kwa asilimia 80, yule bwana wa kwenye video ameshika paundi 12 wakati analenga. Rikavu haina huruma hiyo. Kila inchi unayovuta inaongeza uzito, na uzito wote unakukalia palepale unapotakiwa kutulia.

Wengine hunijia na hoja ya mababu. Wananiambia Waata wa Tsavo waliangusha ndovu kwa pinde zao, je, nao walianza na paundi 18? Ni kweli pinde za Waata zilizopimwa zilivuka paundi 100, na ni urithi wa kujivunia. Lakini tazama Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao bado wanaishi na upinde. Mtoto wa kiume hupewa kaupinde kake akiwa na miaka mitatu minne tu, anapiga ndege na panya, na upinde unakua pamoja naye. Mwanamume wa kule anayevuta upinde mzito amekuwa akivuta maisha yake yote. Kwa hiyo hoja ya mababu inaniunga mkono mimi: kila mmoja wao alianza na upinde mdogo.

Sasa niseme ninachokiona mstarini. Mtu mwenye upinde unaomzidi huinua bega la mkono ulioshika upinde hadi likaribie sikio. Mgongo unapinda kwa nyuma. Mkono unaovuta haufiki kidevuni, unaishia hewani mbele ya uso, kila mshale mahali pake. Anaachia haraka kwa sababu hawezi kushikilia, na ugwe unamchapa kwenye kigasha hadi panageuka zambarau. Hapo akili yote iko kwenye kuvumilia uzito, haibaki nafasi ya kujifunza chochote. Mishale 60 ya namna hiyo kila Jumamosi, na mwili unashika makosa hayo kama ndiyo mtindo. Kumtoa mtu kwenye mazoea hayo kunanichukua muda mrefu kuliko kumfundisha asiyejua lolote.

Bega lenyewe ndilo linaloniogopesha zaidi. Upinde unatakiwa uvutwe na misuli ya mgongo, ile iliyo kati ya mabega. Isipokuwa na nguvu bado, kazi inaangukia kano ndogo zinazoshikilia kiungo cha bega, nazo hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Mimi mwenyewe nilianza na upinde wa paundi 38 wa kuazima. Mwezi wa tano sikuweza kuinua mkono wa kulia kuanika nguo kwenye kamba. Nilikaa nje ya mchezo karibu mwaka mzima. Kila ninapoona boksi jipya la paundi 45 nalikumbuka bega hilo.

Piga hesabu. Raundi ya kupanga nafasi kwenye Olimpiki ni mishale 72, kwa umbali wa mita 70. Anayevuta paundi 44, yaani kilo 20, atakuwa amevuta jumla ya kilo 1,440 kwa mishale hiyo peke yake, bila kuhesabu ya kupasha mwili. Wanaofanya hivyo wanafanya mazoezi karibu kila siku, kwa miaka. Anayevuta paundi 18 mara 60 ameshavuta karibu kilo 490 kwa asubuhi moja. Hiyo ni kazi ya kutosha kwa mtu ambaye wiki nzima alikuwa amekaa ofisini.

Na namba iliyoandikwa kwenye mkono wa upinde, yaani mojawapo ya zile sehemu mbili zinazopinda, si lazima iwe ndiyo unayovuta wewe. Imepimwa upinde ukivutwa inchi 28. Ukitaka kukisia mvuto wako, yaani urefu unaovuta wewe, nyosha mikono yote miwili pembeni, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawanya kwa 2.5. Mtu mrefu mwenye sentimita 190 anapata sentimita 76, karibu inchi 30. Kila inchi ya ziada huongeza paundi mbili au zaidi, kwa hiyo upinde "wa 24" mikononi mwake ni wa 28 hivi. Yule kijana wa Jumamosi ni mrefu kuliko mimi. Upinde wake wa 45 ungekuwa unakaribia 50.

Kipimo changu ni hiki, na sikibadilishi kwa ajili ya mtu yeyote. Keti kwenye stuli, nyanyua miguu yote miwili kutoka chini, vuta upinde taratibu hadi kidevuni ukiwa umeunyoosha mbele yako, usiuelekeze juu kwanza ndipo uushushe. Shikilia kwa sekunde kumi, kisha urudishe taratibu bila kuuachia. Ukitetemeka, ukainama, au ukahitaji kujisukuma, upinde huo haujawa wako. Watu wazima wengi wanaokuja kwetu wanaanzia paundi 16 hadi 22, wanawake na wanaume, na kwa mita 10 mshale unafika na kuchoma vizuri kabisa.

Baadaye tunaongeza paundi mbili mbili. Ndiyo maana, siku ya kununua ikifika, nasisitiza upinde unaofunguka: mpini wa katikati unabaki uleule, unabadilisha mikono ya upinde tu. Na kwa wiki za kwanza nina dawa isiyo na gharama. Nenda kwa fundi wa baiskeli, omba tyubu kuukuu, kata ukanda mrefu, ufunge uwe duara. Vuta nyumbani kila jioni mara ishirini mbele ya kioo, ukiangalia bega halipandi. Anayefanya hivyo kwa mwezi mmoja namtambua akivuta mara ya kwanza tu, hata asiponiambia.

"Nikinunua vyangu kabla ya kujiunga nitaokoa muda"

Hutaokoa muda wala pesa. Klabu ina pinde, mishale, kinga za kigasha, kinga za kifua na ngozi za vidole kwa ajili ya wageni. Kazi yake ni hiyo. Ukinunua mapema unakisia mambo manne ambayo hakuna anayeyajua mpaka umepiga kwa wiki kadhaa: urefu wa mvuto wako, uzito unaoumudu, urefu wa mshale, na ugumu wa mshale.

Hilo la mwisho watu hulipuuza sana. Mshale hupinda unapoachiwa na kuuzunguka mpini, kisha hujinyoosha angani. Namba iliyo ubavuni mwake, tuseme 500 au 900, inaeleza unavyopinda, na namba kubwa ni mshale laini zaidi. Mishale ya 400 kwenye upinde wa paundi 20 ni migumu kama fito, itakwenda pembeni siku zote na wewe utalaumu jicho lako. Kwenye urefu ndiko kuna hatari. Mshale mfupi kuliko mvuto wako unaweza kudondoka nyuma ya kipumzishio, pale mshale unapolala kwenye mpini, na ukiachia hapo unaupiga kwenye mkono wako mwenyewe. Mgeni tunampa mishale inayozidi mvuto wake kwa inchi kadhaa, hata kama inaonekana haipendezi.

"Natumia mkono wa kulia, basi nipe upinde wa kulia"

Nipe jicho lako kwanza. Nyosha mikono yote miwili mbele, viganja vikutane viache tundu dogo, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi. Funga jicho moja, kisha jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndilo linaloongoza. Mtu wa mkono wa kulia ambaye jicho lake la kushoto linaongoza hupeleka mishale pembeni bila kuelewa kwa nini. Mwanzoni kabisa mimi humshauri afuate jicho, ajifunze kuvuta kwa mkono wa kushoto, kwa sababu siku ya kwanza mikono yote miwili ni mijinga sawasawa. Wapo makocha wanaomwacha mkono wa kulia na kumfunika jicho la kushoto. Nawaheshimu, lakini nimewaona wanafunzi wengi wakirudi kuanza upya. Yule aliyekwisha kununua upinde wa kulia, bila shaka, hataki kusikia habari za jicho.

"Macho yangu ni mabovu", "umri umepita", "mwili wangu hauruhusu"

Im Dong-hyun wa Korea Kusini alikuwa na uoni hafifu sana, na mwaka 2012 kwenye Olimpiki ya London alipata pointi 699 kwa mishale 72, rekodi ya dunia wakati huo. Njoo na miwani yako.

Queenie Newall wa Uingereza alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1908 akiwa na miaka 53. Kwa hiyo baba zangu na mama zangu mnaosimama kando ya uzio mkisubiri watoto, ingieni.

Kuhusu mwili, huu ni miongoni mwa michezo ambayo mtu mwenye ulemavu amekuwa mstarini tangu mwanzo. Mashindano ya Stoke Mandeville, Uingereza, ya mwaka 1948, ambayo ndiyo chimbuko la Paralimpiki, yalikuwa ya upinde na mishale, washiriki 16 wenye majeraha ya vita. Neroli Fairhall wa New Zealand alishindana kwenye Olimpiki yenyewe mwaka 1984 akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Matt Stutzman wa Marekani hana mikono, anapiga kwa miguu, na alishinda dhahabu kwenye Paralimpiki ya Paris mwaka 2024. Tuambie tu mapema, ili tutengeneze njia ya kiti kufika mstarini.

"Ni mchezo wa watu wa nje, si wetu"

Shehzana Anwar alipiga kwa niaba ya Kenya kwenye Olimpiki za London 2012 na Rio 2016, na Rio ndiye aliyebeba bendera yetu kwenye ufunguzi. Pinde za mababu nimeshazitaja.

"Nikijua nitakwenda kuwinda"

Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977. Anayekuja kwa nia hiyo simfundishi.

"Ni hatari, mtoto atatobolewa jicho"

Mzazi ana haki ya kuuliza, na namshukuru anayeuliza. Hatari ipo, lakini si pale anapoitazamia. Hakuna anayepiga wakati mtu yuko mbele ya mstari, basi. Filimbi mbili, mnasogea mstarini. Moja, mnapiga. Tatu, mnaweka pinde chini na kwenda kuchukua mishale. Tano au zaidi, kila mtu anasimamisha, hata kama ameshavuta: anarudisha taratibu, mshale anautoa. Upinde usio na mshale hauvutwi ukaachiwa, kwa sababu nguvu yote inarudi kwenye mikono ya upinde na inaweza kuupasua usoni mwako.

Macho yanakaribia kuumia kwenye shabaha, wakati wa kukusanya. Mtoto anakimbia kuona amepata ngapi, anajikwaa, na mishale imesimama pale migongo yake ikimwelekea. Au mmoja anang'oa mshale kwa nguvu bila kutazama nyuma, na mwenzake amesimama hapohapo. Kwetu hakuna kukimbia, hata mita kumi. Shabaha huendewa kwa pembeni, mtu mmoja anang'oa, kiganja kimoja kikiwa kimekandamiza karatasi, wengine wakisubiri hatua mbili nyuma yake, pembeni.

Vaa viatu vilivyofunika vidole, shati lisilopepea, acha mkufu na hereni ndefu nyumbani, funga nywele. Maelezo ya filimbi hutolewa mara moja tu, saa tatu kamili asubuhi, na asiyeyasikia hashiki upinde siku hiyo, hata kama ametoka Machakos kwa matatu ya kwanza.