Bitana ya Mshipa Haijalala

Anayenunua koti la mtumba Mwanjelwa huligeuza ndani nje kwanza. Baridi ya Juni Mbeya haina utani, na koti ni bitana. Mishipa ya damu nayo ina bitana, safu moja tu ya seli iitwayo endothelia. Muuza dawa anayesimama katikati ya Kosta, basi dogo la kwenda Tukuyu, akinadi chupa ya "kusafisha damu" haitaji bitana hii hata siku moja, na hapo ndipo maelezo yake yote yanapopotea njia. Haya hapa madai tunayoyasikia, moja moja, na jibu la kila dai.

"Mshipa ni bomba tu." Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Marekani alionyesha jambo kwa vipande vya mshipa wa sungura. Bitana ikiwa nzima, ukitia kemikali iitwayo asetilikolini mshipa unalegea. Ukiikwangua bitana, dawa ile ile hailegezi tena. Baadaye ikajulikana kwamba kinacholegeza ni gesi, nitriki oksidi, na inatengenezwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya seli za bitana. Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Nobeli mwaka 1998 kwa kazi hiyo. Gesi hiyo pia huzuia chembe nyeupe za damu zisinate ukutani.

"Vimeng'enya ni vya tumboni." Jina ndilo linalotuponza, maana limetoka kwenye kumeng'enya. Kimeng'enya huharakisha mabadiliko ya kikemikali popote mwilini, iwe ugali upo au haupo.

"Ukivimba, damu yako imechafuka." Shangazi yangu wa Uyole alijikata kidole akimenya viazi. Kesho yake kidole kilikuwa chekundu, cha moto, kimejaa hadi pete haitoki. Jirani akaleta mizizi ya kuchemsha, damu isafishwe.

Hakukuwa na uchafu wowote kwenye damu. Chembe za ulinzi zilizokuwa karibu na jeraha ziligundua bakteria, zikamwaga kemikali za kengele, mojawapo TNF. Kengele ikifika kwenye bitana, kimeng'enya kiitwacho IKK kinaamka. Kazi yake ni kubandika fosfati kwenye protini fulani inayomfungia mwenzake, NF-kB, asiingie kwenye kiini cha seli. Mfungaji akishabandikwa fosfati huvunjwavunjwa. NF-kB anaachiwa, anaingia kiini na kuwasha jeni. Saa chache baadaye bitana iliyokuwa laini imeota protini za kunata: selektini, ICAM-1, VCAM-1. Chembe nyeupe iliyokuwa ikipita mbio inaanza kubiringika ukutani kama gurudumu kwenye tope la Machi, inapunguza mwendo, inasimama, kisha inajipenyeza kati ya seli mbili za bitana kuelekea kwenye kidonda. Mishipa imetanuka, ndiyo maana ya wekundu na joto. Majimaji yanavuja kupitia nafasi zilizofunguka, ndiyo maana pete haikutoka.

Kwa hiyo mlango ulifunguliwa kutoka ndani, tena kwa makusudi. Wekundu huo, joto na uvimbe kwa pamoja ndio mwako.

"Basi huo mwako uzimwe kabisa." Wapo watoto wachache wanaozaliwa na kasoro ya kurithi inayozifanya chembe nyeupe zishindwe kunata kwenye bitana. Vidonda vyao havitungi usaha, na maambukizi huwaandama tangu uchanga. Ubaya ni mwako usiozimika. Sigara, sukari iliyopanda na presha ya muda mrefu huchochea kimeng'enya kingine cha bitana, NADPH oksidesi, kinachotoa superoksidi, aina kali ya oksijeni. Hiyo huila nitriki oksidi. La kusikitisha zaidi, kimeng'enya cha nitriki oksidi chenyewe, kikikosa msaidizi wake wa kikemikali, hugeuka na kuanza kutoa superoksidi. Ni kama mlinzi kuhamia upande wa wezi. Bitana ikikaa hivyo miaka, inaendelea kupokea chembe nyeupe zinazojaza mafuta ukutani.

"Diklofenaki ni ya maumivu tu, haina neno." Msimu wa kulima, wengi huimeza kama karanga. Huzuia vimeng'enya vya COX, vinavyosaidia kutengeneza kemikali za maumivu, na maumivu hupungua kweli. Lakini kimojawapo, COX-2, husaidia kutengeneza prostasaiklini, inayozuia chembe sahani, zile za kugandisha damu, zisigandane ndani ya mshipa. Rofekoksibu, dawa iliyolenga COX-2, iliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Diklofenaki nayo inabeba hatari ya namna hiyo, hasa kwa dozi kubwa na za muda mrefu.

"Kikohozi hicho ni baridi." Baba mkubwa alianzishiwa enalaprili, dawa ya presha, mwezi wa tano. Kufika wa sita anakohoa kikavu, usiku kucha, na nyumba nzima ikasema ni baridi; akaongezewa blanketi na chai ya tangawizi. Enalaprili huzuia ACE, kimeng'enya kilichojaa kwenye bitana ya mapafu. ACE hutengeneza anjiotensini ya pili, inayobana mishipa na kuchochea mwako, lakini pia huvunja kemikali nyingine, bradikinini. Ukikizuia, presha inashuka huku bradikinini ikirundikana na kuwasha njia ya hewa. Baba mkubwa hakuacha dawa kwa uamuzi wake, alirudi kwa daktari, akabadilishiwa losartani, ambayo hukiacha kimeng'enya na kufunga kipokezi cha anjiotensini, yaani mahali inaponata kwenye seli. Mwezi wa nane barafu ilikuwa bado inaunguza viazi bondeni, na yeye analala hadi asubuhi.