Msaidizi wa Kuaminika: Yanayosemwa na Mafundi wa Kigoma na Yalivyo Kweli

Muulize fundi yeyote wa vitenge pale Mwanga, hapa Kigoma, anatafuta msaidizi wa namna gani, atakujibu hapohapo: "Awe mwaminifu tu." Muulize huyo mwaminifu akifika kesho asubuhi ataanza na kazi gani, utaona anageuka kutazama cherehani. Kwa mpiga picha za harusi wa Ujiji ni hivyohivyo, na kwa mpamba kumbi, mwoka keki, na kijana anayechora mabango na kadi za mialiko. Oda zimewazidi, nguo zinachelewa, wateja wananuna, lakini mazungumzo yote ya kuajiri yanaishia kwenye tabia ya mtu. Kazi yenyewe haiguswi, na hapo ndipo dhana nyingi zinapopata pa kuota.

"Ndugu hawezi kuniibia"

Hii ina nguvu kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Analetwa mpwa kutoka Kasulu, au binamu aliyemaliza kidato cha nne Kibondo na yuko nyumbani tu. Mshahara hautajwi, maana kuutaja ni kama kumvunjia heshima aliyemleta. Anakula nyumbani, analala nyumbani, mwisho wa wiki anapewa elfu tano ya vocha, sikukuu anashonewa nguo. Mwenye ofisi anaona amesaidia ukoo. Kijana anaona anafanya kazi bure. Miezi ikipita, anaanza kujilipa mwenyewe: zipu ya shilingi mia tano inaandikwa elfu moja, oda ndogo ya kupunguza suruali haifiki daftarini. Moyoni mwake haiti wizi, anaita haki yake.

Ukweli ni kwamba undugu haupunguzi kishawishi, na juu yake unaongeza ugumu wa kuuliza. Mfanyakazi wa nje ukimuuliza pesa ya jana iko wapi, atajibu au ataondoka. Mpwa ukimuuliza, usiku atapiga simu shangazi, na kufikia kesho yake suala la elfu ishirini limekuwa suala la kudharau upande mzima wa mama.

Sisemi usimwajiri ndugu. Wapo ndugu waliozishika ofisi hizi zikasimama wakati mwenyewe amelazwa. Ila ukimwajiri, umwajiri kweli: kazi zake zijulikane, mshahara utajwe, siku ya malipo ijulikane, na wali wa nyumbani ubaki wali wa nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina kifungu cha wapwa. Anayefanya kazi chini ya maelekezo yako kwa malipo ni mfanyakazi wako, hata kama ulimbeba mgongoni.

"Ukishampata mwaminifu, mwachie kila kitu"

Kumpa mtu wa wiki ya pili namba ya siri ya simu ya biashara watu huita kumwamini. Mimi naona ni kumtwisha mzigo. Siku salio likipungua, mshukiwa ni mmoja tu, hata kama ni wewe mwenyewe uliyenunua umeme usiku ukasahau. Uaminifu usiokuwa na mipaka humweka mwaminifu mahali pabaya, na watu wenye akili zao huliona hilo mapema wakakataa.

Pesa ya mteja ipite kwenye lipa namba iliyosajiliwa kwa jina lako au la biashara, na ujumbe wa muamala uonekane kwenye simu yako kabla gauni halijatoka mlangoni. Ujumbe anaoonyesha mteja kwenye simu yake hautoshi, kwa sababu meseji za kutunga zipo na kijana wa kaunta ndiye anayetupiwa lawama. Kwa wanaolipa taslimu, nunua kitabu cha risiti chenye namba mfululizo na nakala ya kaboni. Mteja apewe risiti hata ya elfu mbili. Jioni mnaweka pamoja risiti, pesa iliyopo na kazi zilizotoka, dakika kumi zinatosha. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo linamlinda msaidizi kama linavyomlinda tajiri wake.

Ya simu nayo yana njia. Akaunti ya WhatsApp inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne. Msaidizi atajibu wateja akiwa na kifaa chake, simu yenye laini ikabaki mfukoni mwako, na siku mkiachana unakiondoa kifaa chake bila kugombania chochote. Kurasa za Facebook pia zinaruhusu kumpa mtu nafasi ya kuweka picha na kujibu watu bila kumtajia nywila.

Halafu kuna cha juu. Wengi wanalalamika kuwa kila wakimtuma mtu uzi au bitana, bei inapanda njiani. Chunguza kwanza kama ulimpa nauli. Kijana anayetumwa kutoka Gungu hadi sokoni, akarudi na mzigo begani kwa pesa yake, lazima nauli ataipata mahali. Tenga kiasi cha matumizi madogo kwa wiki, weka nauli humo waziwazi, na wewe mwenyewe pitia madukani mara mojamoja ujue bei za sasa.

"Ataiba ufundi wangu, kisha afungue ofisi ng'ambo ya barabara"

Anaweza. Hili halina haja ya kupambwa. Wanagenzi wa ushonaji tangu zamani wanajifunza, wanakomaa, wanaondoka. Na uwezekano mkubwa hata wewe ulitoka chini ya mkono wa mtu.

Kilicho potofu ni kudhani kuna ukuta utakaomzuia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyokwisha kutengenezwa: mchoro, picha, video, muziki. Hailindi wazo wala mtindo. Mkono wa puto uliouweka kwenye gauni la kitenge huwezi kumkataza mtu asiuweke kwenye lake. Kwa wapiga picha mambo ni tofauti kidogo, na wengi hawayajui. Picha alizopiga mwajiriwa wako akiwa kazini, haki za kiuchumi ni za mwajiri isipokuwa mmekubaliana vingine, ingawa haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyepiga inabaki kwake. Yule unayemchukua kwa siku moja ya harusi kwa posho ni jambo jingine. Naye andikianeni kabla hajawasha kamera, picha ni za nani na nani ataziweka mtandaoni.

Wateja je? Mteja humfuata anayemjibu. Kikundi cha akina mama kinachotafuta sare za harusi ya Jumamosi kikiuliza kuanzia Jumatatu, na anayeitikia kila mara ni msaidizi peke yake, basi kimoyomoyo fundi wao ni yeye. Mpokee mteja wewe, au angalau mkabidhi nguo wewe. Daftari la vipimo, lenye kifua, kiuno, nyonga, mabega na urefu wa kila mteja, lisilale nje ya ofisi. Na msaidizi aliyeondoka kwa amani hukuletea oda zinazomzidi, jambo ambalo aliyefukuzwa kwa matusi halifanyi.

"Nikiajiri, makato yatanimaliza"

Tupige hesabu, maana hofu hii mara nyingi haina namba ndani yake. Chukua mshahara wa shilingi 250,000 kwa mwezi kama mfano tu. Viwango vya chini hutangazwa na serikali kwa kila sekta na hubadilika, kwa hiyo angalia amri ya mshahara inayotumika sasa. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu kwa nusu: wewe 25,000 na yeye 25,000 inayokatwa kwake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unataka asilimia 0.5 kutoka kwako, yaani 1,250. Kodi ya mapato ya mfanyakazi haianzi mpaka kipato kivuke 270,000, kwa hiyo hapa ni sifuri. Tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL) nayo inawahusu waajiri wenye wafanyakazi kumi na kuendelea. Jumla inayotoka mfukoni mwako ni 276,250.

Ni pesa, sikatai. Lakini ile 1,250 ndiyo inayosimama siku sindano ya overloki imepita kidoleni, au bodaboda iliyombeba na mzigo wa mapambo imeanguka. Bila mfuko huo, hospitali utalipa wewe, na hapo ndipo makato yanapokuwa makubwa kweli.

"Ni kibarua tu, mkataba wa nini?"

Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake anapoanza: kazi gani, mahali gani, saa ngapi, malipo kiasi gani. Hakuna haja ya lugha ya mahakamani. Kurasa mbili za Kiswahili, sahihi mbili, kila mtu na nakala yake. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na wiki ya kazi haizidi siku sita. Za ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Wiki ya kuelekea Idi mafundi wa Ujiji hukesha, kila mtu anajua. Andika mapema kuwa mkesha huo una malipo yake, msibishane alfajiri macho yakiwa mekundu.

Pamoja na mkataba, mazoea yetu ya barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na wadhamini wawili ni mazuri na yaendelee. Ila usijidanganye kuwa barua ya mwenyekiti inapima uaminifu. Inakuambia mtu anakaa wapi. Ukitaka kumjua kazini, mpigie aliyewahi kufanya naye kazi na umuulize swali moja la wazi: ukihitaji mtu tena, utamchukua?

"Nisubiri kwanza biashara ikue" na "Awe fundi kama mimi"

Ninaziweka pamoja kwa sababu dawa yake ni moja. Kwa wiki moja andika kila kinachokutoa kwenye cherehani au kwenye kompyuta: kujibu "bei gani hii?" mara arobaini, kufuata kifungashio, kupiga pasi, kuchapisha picha kwenye stetasi, kudai waliobakiza malipo. Karibu yote hayo hayahitaji fundi. Yanahitaji mtu mpole kwenye simu, anayeandika vizuri na asiyeogopa kudai. Unaweza kuanza naye nusu siku, au kwa msimu wa harusi tu. Sheria inatambua mkataba wa kazi maalumu. Kama unachokosa ni mikono ya kushona, hapo ndipo utafute kijana aliyepita chuo cha ufundi stadi cha VETA. Usiajiri fundi ukamfanya karani, ataondoka na wala hutakuwa na haki ya kulalamika.

Na wanaotegemea kupumzika kuanzia siku ya kwanza, wasahau. Mwezi wa mwanzo utafanya kazi zaidi, kwa sababu unafanya na unafundisha. Yaliyo kichwani mwako lazima yatoke: punguzo la bei mwisho kiasi gani, advansi nusu au robo tatu, oda ya haraka inapokelewa lini na inakataliwa lini.

"Wa ng'ambo ya ziwa ni mwenzetu, vibali ni vya makampuni"

Kigoma tuna jambo hili ambalo wa Dodoma hawanalo. Vitenge vinatoka Kongo, mafundi wazuri wa kudarizi wapo Bujumbura, na mtu anaweza kufika Kibirizi kwa boti akaanza kazi wiki hiyohiyo. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 haitofautishi kampuni ya mgodi na ofisi ya cherehani mbili: asiye raia anahitaji kibali cha kazi, na Uhamiaji wana kibali chao cha ukaazi. Mkimbizi ana masharti ya peke yake chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, likiwemo la kutotoka nje ya eneo alilotengewa bila ruhusa. Ukimwajiri bila utaratibu, yeye na wewe wote mko hatarini, naye zaidi.

Lakini kuna upande wa pili unaoudhi. Wapo wanaomkataa kijana kwa sababu "anaongea kama Mrundi." Kiha na Kirundi ni lugha zinazokaribiana mno, wasemaji wake wanaelewana, lafudhi haithibitishi uraia wa mtu yeyote. Omba kitambulisho, uache masikio yako.

"Akiondoka, yamekwisha"

Bado. Anayelipwa kwa mwezi, ukishapita mwezi wa kwanza wa kazi, notisi ni siku 28, kwako na kwake. Mlipe siku alizofanya na likizo aliyokuwa hajaichukua. Kagueni pamoja daftari la vipimo, funguo na kitabu cha risiti, kisha badilisha namba za siri na uondoe kifaa chake kwenye WhatsApp siku hiyohiyo, akiwepo, asije akaona ametegewa. Wajulishe wateja wenye oda mezani ni nani atakayewahudumia. Mwisho mwandikie cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akitoe: jina lake, jina la ofisi, kazi aliyofanya, ameanza lini na ameondoka lini. Ni karatasi moja, na kwa kijana anayekwenda kutafuta kazi Tabora au Mwanza ndiyo pekee itakayosema alikuwa wapi muda wote huo.