Wiki Tatu Baada ya Medali

Mimi ni daktari, na wanariadha wengi huletwa kwangu baada ya kushinda. Aliyeshindwa anajua la kufanya kesho yake: arudi mazoezini. Aliyeshinda anaamka akakuta simu imejaa ujumbe, wazee wamekaa sebuleni, binamu asiyemkumbuka anaomba karo, na mwandishi wa habari anauliza rekodi ya dunia ataivunja lini.

Swali hilo la rekodi ndilo linaloumiza zaidi. Juzi alikimbia ili apate. Sasa anakimbia asije akapoteza, na mwili huijua tofauti hiyo. Usingizi hukatika, mabega hukaza. Katikati ya mbio akili huanza kusimamia kazi ambayo miguu imeizoea tangu utotoni. Jaribu kushuka ngazi huku ukifikiria kila kidato, utaona unavyojikwaa. Kocha atasema kijana amelegea, kumbe amejikaza kupita kiasi.

Samuel Wanjiru namtaja kwa vijana wangu kwa heshima. Alikwenda Japani akiwa bado wa kusoma sekondari. Mwaka 2008 jijini Beijing, akiwa na miaka 21, aliipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki kwa saa 2:06:32, rekodi ya Olimpiki wakati huo. Mei 2011 alifariki baada ya kuanguka kutoka kwenye roshani ya nyumba yake Nyahururu. Alikuwa na miaka 24. Sikumtibu, kwa hiyo sitamchambua marehemu. Swali langu ni kwetu sisi tuliomshangilia: nani kati yetu alikuwa na kazi ya kumtunza yeye mwenyewe, mbali na mbio zake?

Eliud Kipchoge naye alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, na umri wake miaka 18 tu. Miaka mingi baadaye, tayari ana mali na jina, bado alikuwa akilala kambini Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang na kushika zamu ya usafi kama wenzake. Watu husifu unyenyekevu wake. Mimi naona pia kinga: mbele ya ufagio hakuna bingwa, kuna mtu ambaye leo ni zamu yake.

Ndiyo maana nashikilia wiki tatu za mwanzo. Ratiba ya zamani isiguswe: saa ya kulala, kundi lile lile la mazoezi, chakula kile kile. Simu ishikwe na mtu anayeaminika. Maombi ya pesa yapitie kwa ndugu mmoja mwenye moyo wa kusema "bado", ili mwanariadha asiwe yeye wa kukataa kila siku.

Wazazi wengine hunikasirikia, wakidhani namfungia mtoto baraka. Mama mmoja aliniuliza kwa uchungu, "Sasa daktari, akija nyumbani nimwambie nini?"

Nikamwambia amuulize kama amekula.