Kalsiamu ambayo haikuwepo

Niliwahi kupoteza wiki nzima nikifukuza kalsiamu ambayo haikuwepo. Nilikuwa napima kwa spektrometa ya masi, mashine inayotenganisha molekuli kwa uzito wake, na sampuli yangu ilikuwa kalmodulini, protini ya takriban Dalton 16,700 (Dalton moja ni karibu uzito wa protoni moja) yenye sehemu nne za kushika kalsiamu. Sampuli nilishaisafisha, na nilitaka kuiona protini ikiwa tupu kabla sijaanza kuongeza chochote. Kwenye skrini kikatokea kilele cha protini tupu, halafu kingine kilichoizidi kwa Dalton 38, halafu kingine kwa 38 tena. Nikaandika daftarini: "kalsiamu bado ipo." Nikasafisha upya mara tatu, na vile vilele vikabaki palepale.

Kwa nini 38 iwe alama ya kalsiamu, wakati masi ya kalsiamu ni 40.08? Hapa ndipo wengi hujikwaa. Spektrometa ya masi haipimi masi yenyewe, hupima masi ikigawanywa kwa chaji. Protini hupata chaji zake kwa kubeba protoni, lakini ioni ya kalsiamu huja na chaji chanya mbili zake. Ukilinganisha protini tupu yenye chaji nane na protini yenye kalsiamu ambayo nayo ina chaji nane, ile ya pili ina protoni mbili pungufu, kwa kuwa metali imeshatoa mchango wake. Toa masi ya protoni hizo mbili, 2.02, kwenye 40.08, inabaki 38.06. Zinki nayo huongeza 63.36, si 65.38. Nimeona mtu akitafuta 65, akaikosa, akatangaza kwamba protini yake haishiki zinki.

Hesabu hiyo ina faida yake. Chuma chenye chaji mbili huongeza 53.83, chenye chaji tatu 52.82. Tofauti ya Dalton moja inakuambia chuma kiko katika hali gani ndani ya protini, mradi mashine yako ina uwezo wa kutenganisha kwa kiwango hicho.

Sasa mkosaji wangu: potasiamu. Masi yake ni 39.10, ina chaji moja, kwa hiyo hufukuza protoni moja tu na kuongeza 38.09. Kati yake na kalsiamu kuna tofauti ya 0.03, ambayo kwa protini ya ukubwa ule mashine niliyokuwa nayo haikuweza kuiona. Na ilitoka wapi? Kwenye elektrodi ya pH, kile kijiti cha kupimia asidi. Ndani yake mna kloridi ya potasiamu iliyokolea, na kila nilipoichovya kwenye bafa (myeyusho unaotunza pH ya sampuli) ili kuhakiki pH, kidogo kilikuwa kinavuja. Siku hizi namimina bafa kidogo pembeni, napima hiyo, namwaga. (Chupa za kioo nazo zina mchezo huohuo kwa upande wa sodiamu. Natumia za plastiki.)

Uchafu mdogo kiasi hicho unadhuru kwa sababu ya namna protini inavyopelekwa hewani. Kwa unyunyizaji wa umeme, mbinu iliyompa John Fenn sehemu ya Nobeli ya kemia mwaka 2002, myeyusho hutoka kwenye ncha nyembamba kama vitone vyenye chaji. Maji hukauka, kitone husinyaa, na kila chumvi isiyoweza kuruka hukolea na kuigandia protini. Ndiyo maana tunatumia amonium asetati, ambayo hutoweka pamoja na maji, na tunaepuka chumvi ya kawaida na fosfeti. Lakini metali unayoichunguza nayo haitoweki. Ukiiweka nyingi, itagandia hata protini isiyo na sehemu ya kuishika.

Njia ya kawaida ya kupima protini, kwa asidi ya fomiki na kiyeyushi cha ogania, haina tatizo hilo, ila huikunjua protini na metali ikadondoka. Tunaigeuza kuwa msaada: unapima sampuli ileile kwa njia zote mbili, kisha unatoa masi moja kwenye nyingine, na tofauti ndiyo metali. Anhidrasi ya kaboniki, kimeng'enya cha takriban Dalton 29,000, hubeba zinki moja. Katika chaji kumi, kilele chake kwenye amonium asetati hukaa 6.3 mbele ya pale ambapo protini tupu ingekaa. Katika asidi, zinki hiyo haipo tena.

Nikiulizwa kwa nini nihangaike hivi wakati zipo mbinu nyingine za kupima metali, jibu langu ni metalothioneini. Hii ni protini ndogo yenye sisteini 20 (asidi amino zenye salfa, ambazo hushika metali), na hushika hadi zinki saba. Mbinu nyingi zitakuambia kwamba kwa wastani kila protini ina zinki nne. Huenda zote zina nne kweli. Huenda pia nusu zina saba na nusu zina moja, na hizo ni tabia mbili tofauti kabisa za kemia. Spektrometa hukuonyesha kila kundi kwa kilele chake.

Ili kumaliza ubishi wa kalmodulini, nilichukua makusudi bafa ileile ya zamani na kuweka strontiamu, metali inayoshikwa kwenye sehemu zilezile, badala ya kalsiamu. Strontiamu huongeza 85.6, na hakuna wa kuchanganywa naye. Vilele vikuu vikasogea kwa hatua za 85.6 na kuishia kwenye ya nne. Kando ya kila kimoja palikuwa na vidogo vya 38, vikipungua kimoja baada ya kingine, bila kikomo chochote kwenye nne: potasiamu iliyogandia tu, si kalsiamu iliyoshikwa.